Mafuta kwenye ini na mafua: vikikutana mwilini nini kinatokea?

Mwezi wa tatu kwenye grupu letu la WhatsApp hapa Busia, upande wa Uganda, dereva mmoja wa trela alituma picha ya ripoti ya skani ya tumbo, maandishi yote ya kidaktari, chini yake akaandika, "Jamani nimeambiwa ini langu lina mafuta, na sasa hivi mafua yamenilaza siku ya nne, ndo yameshuka kwenye ini ama?" Nusu saa haikuisha majibu yakawa zaidi ya 40. Huyu anasema acha nyama, yule anasema hiyo ni hepatitisi B usile sahani moja na watoto, mwingine anasema ni korona ya zamani ilijificha huko, na kuna mmoja tayari ameshaweka picha ya chupa ya kijani, dawa ya kusafisha ini, shilingi 80,000, anakuletea mpaka mlangoni.

Mimi ni nesi, nafanya kazi kliniki ndogo karibu na mpaka, na swali la huyu ndugu naulizwa kwa sura tofauti tofauti karibu kila wiki. Nilianza kumjibu pale pale kwenye simu nikafuta, nikaanza tena nikafuta, kwa sababu ndani ya swali lake moja kuna maswali matatu yamefungwa kamba moja: haya mafuta ni nini, yanayafanya nini mafua, na mafua nayo yanalifanya nini ini. Wacha tuifungue hiyo kamba pole pole.

Ini liko upande wa kulia, limejificha chini ya mbavu, kwa mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi, Waganda wanaliita ekibumba. Sisi watu wa mpakani hatuhitaji mfano wa mbali, ini ni kastam. Damu inayotoka kwenye matumbo ikiwa imebeba ulichokula haisambai mwilini moja kwa moja, inapita kwanza kwenye ini. Posho (ule ugali wetu), matoke, soda, waragi (pombe kali ya Uganda), Panadol, mululuza (yale majani machungu ya dawa), kila mzigo unasimama pale, unafunguliwa, unakaguliwa, unaruhusiwa kupita, unawekwa ghalani ama unaharibiwa. Na pale kastam kuna askari wake, seli za ulinzi zinazoishi ndani ya ini lenyewe, kazi yao kumeza bakteria na takataka zilizotoroka tumboni, na askari wa aina hiyo mwili umeweka wengi zaidi kwenye ini kuliko kwenye kiungo kingine chochote. Juu ya hayo ini ndo linatengeneza protini nyingi za kwenye damu, zile za kugandisha damu ukijikata na zile za kupigana na vijidudu. Hii kazi ya mwisho wengi hawaijui, wanadhani ini ni la chakula na pombe tu, na usipoijua hutaelewa mafua yameingiaje kwenye habari hii.

Sasa mafuta. Ini kuwa na mafuta kidogo si ugonjwa, lile ghala lipo kwa kazi hiyo. Tatizo linaanza pale seli zaidi ya 5% za ini zikiwa zimejaa matone ya mafuta, hapo ndo daktari anaandika ini lina mafuta. Yanafikaje? Hapa ndo watu wanakosea sana, wanafikiri mafuta ya kukaangia yanatoka kwenye sufuria yanaenda kukaa kwenye ini. Mafuta mengi ya pale ini limeyatengeneza lenyewe kutokana na sukari na wanga uliozidi, ama yametoka kwenye mafuta ya tumbo ambayo mwili umeshindwa kuyashikilia kwa sababu insulini, homoni inayoongoza sukari mwilini, haisikilizwi tena. Sukari ya dukani nusu yake ni aina ya sukari inayoitwa fruktosi, na fruktosi kwa sehemu kubwa inashughulikiwa na ini, ikizidi linaigeuza kuwa mafuta. Chupa ya soda ya mililita 500 ina sukari kama gramu 50, vijiko vya chai 12 hivi, na dereva anaweza kunywa tatu kutoka Mombasa mpaka Kampala ili asisinzie, halafu akifika jioni anakula rolex mbili (chapati iliyoviringishwa na mayai), chai ya maziwa sukari vijiko vinne, analala. Malori yanaingia yadi kila saa, yanayotoka ni machache, yadi inajaa.

Kuna aibu imefungwa kwenye huu ugonjwa na inaniuma, maana mama wa Kiislamu ambaye hajawahi kugusa pombe maisha yake yote anaogopa kumwonyesha mumewe ripoti. Mwaka 1980 madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani waliandika juu ya wagonjwa ambao ini lao chini ya hadubini lilifanana kabisa na la mlevi ilhali pombe hawanywi, kwa hiyo hili si jambo jipya. Kwa miaka mingi ugonjwa uliitwa kwa jina la "si wa pombe", mpaka 2023 wataalamu wakabadilisha jina ili lionyeshe chanzo chenyewe, yaani uzito, sukari, presha na mafuta ya kwenye damu. Duniani kote kama watu wazima 3 kati ya 10 wanao. Na si wanene tu, wapo wembamba wenye kitambi kidogo na sukari ya juu ambao ini limejaa. Waragi nayo inajaza mafuta kwenye ini, hilo si uongo, na mtu mwenye kitambi na sukari akiongeza waragi juu yake anaharibika haraka kuliko mwenye kimoja tu.

Wengi wanabaki na mafuta tu miaka yote. Kwa wengine yale mafuta yanaanza kuchoma, ini linavimba ndani kwa ndani, kisha yanakuja makovu, makovu yakizidi ini linakakamaa, hiyo ndo sirosisi, na huko mbele kansa ya ini inaweza kuingia. Safari hiyo inachukua miaka, na muda mwingi mtu hasikii kitu. Macho ya manjano si dalili ya mafuta ya kawaida, ukiona manjano kuna jambo kubwa zaidi.

Na ile ya hepatitisi B tuimalize hapa hapa. Hepatitisi B ni kirusi, kinaambukiza kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kinapimwa kwa damu na kina chanjo. Mafuta hayaambukizi, mle sahani moja, mnywe kikombe kimoja. Ila mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili, na Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga hepatitisi B mwaka 2002, kwa hiyo wewe uliyezaliwa kabla ya hapo kapime mara moja ujue.

Sasa mafua. Neno letu moja limebeba mizigo mingi. Kuna mafua ya kawaida ya pua kutiririka, siku tano yamepita. Kuna influenza, ile inayokuangusha, homa, mifupa inauma, hutaki kuona mwanga. Kuna korona, ambayo redio za Luganda ziliiita ssennyiga omukambwe, yaani mafua makali. Vyote ni virusi, vyote vinaanzia pua, koo na mapafu. Huku kwetu virusi hivi havisubiri baridi kama Ulaya, vinazunguka mwaka mzima, na pale Entebbe taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, ndo inapima sampuli za influenza kwa niaba ya nchi.

Swali la ndugu yetu lilikuwa kama mafua yameshuka kwenye ini. Hapana, si hivyo. Mafuta hujengeka kwa miezi na miaka, hayawezi kuingia kwa siku nne, skani imefichua kitu kilichokuwepo kimya kimya. Ila hivi viwili vinajuana, na vinasukumana pande zote mbili.

Anza na upande wa ini kwenda kwa mafua. Fikiria sigiri ya makaa iliyofunikwa jivu. Ukiipita unaona imezima, lakini moto uko chini. Ini lililojaa mafuta mara nyingi liko hivyo, linatoa kemikali za uchochezi kidogo kidogo kila siku, na mafuta ya tumbo nayo yanachangia, askari wa mwili wanakaa wameshika rungu bila adui. Kirusi kinapoingia mapafuni yanatokea mambo mawili mabaya kwa pamoja. Kwanza ulinzi wa mwanzo unachelewa, askari wamechoka, kirusi kinapata nafasi ya kuzaana. Pili, ulinzi ukija unakuja kwa pupa, ni kama mtu amepepea ile sigiri kwa nguvu, cheche zinaruka mpaka kwenye pazia, na sasa kinachoharibu mapafu ni mwili wenyewe unavyopigana kuliko hata kirusi. Wale tuliokuwa wodini Juni 2021 wakati wa wimbi la korona aina ya Delta tuliona hili kwa macho, mtu anapumua vizuri siku ya tano, siku ya nane anatafutiwa mtungi wa oksijeni. Ongeza kitambi kinachosukuma mapafu kutoka chini, ongeza sukari inayopanda mtu akiwa na homa, unaona kwa nini wengine mafua yanawaacha kwa siku nne na wengine yanawapeleka hospitali.

Hili halikuanza na korona. Kwenye janga la influenza la H1N1 la 2009 ndo madaktari walishtuka kuona wanene wengi wakiishia kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, hata wale wasiokuwa na ugonjwa mwingine unaojulikana. Korona ilipokuja, tafiti nyingi zikaonyesha wenye mafuta kwenye ini wanaugua vikali zaidi.

Lakini hapa nisiseme zaidi ya ukweli. Mafuta kwenye ini hayasafiri peke yake, yanatembea kwa msafara na uzito, sukari na presha, na ukikuta msafara mzima umegonga, kumjua dereva aliyekosea si kazi rahisi. Wapo watafiti walioangalia vinasaba, wakafuatilia watu ambao maumbile yao tangu kuzaliwa yanavuta mafuta kwenye ini, na hawakuona kwamba mafuta peke yake yanaongeza korona kali, lawama kubwa ikaangukia uzito na sukari. Makovu ni jambo lingine, mwenye sirosisi yuko hatarini kweli kweli, hapo hakuna ubishi. Kwa hiyo mtu akiambiwa ana mafuta ya hatua ya kwanza asijichimbie kaburi, aulize sukari yangu ngapi, presha yangu ngapi, na kuna makovu ama hakuna.

Upande wa pili, mafua kwenda kwa ini. Mnakumbuka Januari 2022 pale Malaba? Ugonjwa ulikuwa wa mapafu, lakini kwa sababu ya sharti la kupima korona kila dereva, trela zilijipanga kilomita na kilomita mpaka ndani ya Kenya, na Kampala petroli ikapanda bei vibaya sana. Jambo lilitokea sehemu moja, likakwamisha kastam, likaumiza nchi nzima. Mwilini ni hivyo hivyo. Virusi vya mafua kwa kawaida haviendi kulila ini. Ila seli za ulinzi zilizoamshwa mapafuni zinasafiri kwa damu, zinanasa kwenye ini, zikiwa bado na hasira zinaumiza seli za pale ambazo hazina kosa. Homa ikiwa kali na oksijeni ikishuka ini nalo linakosa hewa. Korona iliongeza na mambo ya damu kuganda kwenye mishipa midogo.

Ndo maana mtu akipimwa damu katikati ya influenza ama korona, vipimo vya ini vinaweza kutoka juu. Kinachopimwa ni vimeng'enya, protini zinazofanya kazi ndani ya seli za ini, seli ikiumia vinavuja kwenda kwenye damu, ni kama kuona maji sakafuni ukajua mtungi umepata ufa. Ufa mdogo unaziba wenyewe, na kwa watu wengi namba hurudi chini wakishapona. Tena kimojawapo cha vimeng'enya hivyo kinapatikana pia kwenye misuli, na mafua yanavyouma misuli kinaweza kupanda bila ini kuwa na neno. Kwa hiyo namba zikiwa juu kidogo wakati wa mafua, usikimbilie chupa ya kijani, rudia kipimo baada ya wiki kadhaa ukiwa mzima. Mwenye mafuta tayari anaanzia juu, ini lake limejaa na lina joto, ndo maana kutikiswa kidogo kunaonekana sana kwake.

Halafu kuna kitu ambacho naona kinaumiza ini la watu wetu kuliko kirusi chenyewe, nacho ni kile tunachomeza wiki ile ya mafua. Yule dereva nilimwambia aje kliniki, akaja na mfuko mweusi, nikamwambia mzee mwaga vyote hapa mezani. Kulikuwa na vidonge vya mafua alivyouziwa duka moja la dawa, meza 2 mara 3 kwa siku. Kulikuwa na Panadol, 2 mara 3. Kulikuwa na antibiotiki nusu dozi. Kulikuwa na chupa ya mululuza iliyochemshwa na majani mengine ambayo hata yeye hakuyajua. Na usiku alikuwa anapiga toti mbili za waragi na tangawizi, aue virusi. Nikamwonyesha maandishi madogo kwenye pakiti ya vidonge vya mafua, kila kimoja ndani yake kuna parasetamo miligramu 500. Tukahesabu pamoja: gramu 3 kutoka kwa vidonge vya mafua, gramu 3 kutoka kwa Panadol, ambayo nayo ni parasetamo hiyo hiyo, jumla gramu 6 kwa siku, wakati mwisho wa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4, yaani vidonge 8 kwa masaa 24. Akanyamaza, akasema, "Sista, hakuna aliyeniambia."

Parasetamo kwa kipimo ni dawa nzuri, hata mwenye mafuta kwenye ini anaitumia, na nasema hivi kwa sauti kubwa kwa sababu wapo wanaovumilia homa ya digrii 39 kwa kuogopa ini. Inavyofanya kazi ni kwamba sehemu ndogo yake inageuka sumu, na ini lina akiba ya kitu cha kuiua hiyo sumu. Ukizidisha, akiba inaisha. Ukiwa mnywaji wa kila siku, ama umekaa siku tatu hujala kwa sababu ya homa, akiba ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Mnywaji na mwenye sirosisi kiwango chao kiko chini ya hicho, wamuulize daktari. Antibiotiki haiui kirusi cha mafua hata umeze pakiti nzima, na ile amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti iko juu kabisa kwenye orodha ya dawa zinazoonekana kuumiza ini. Majani siyachukii, mama yangu alitulea na majani, lakini mchanganyiko usioujua kipimo chake unapita kastam ile ile.

Na watoto. Mtoto mwenye influenza ama tetekuwanga usimpe aspirini, kamwe. Kuna ugonjwa ulioelezwa mwaka 1963 na daktari wa Australia, Douglas Reye, mtoto anatoka kwenye virusi anaonekana anapona, ghafla anatapika, anachanganyikiwa, ubongo unavimba na ini linajaa mafuta kwa siku chache tu. Baadaye ikaonekana aspirini inahusika, nchi zikaonya wazazi, na ugonjwa ukapungua sana. Ni nadra, lakini ndo mfano wazi zaidi ninaoujua wa kirusi, dawa na mafuta ya ini kukutana mahali pamoja.

Mafuta yanatoka? Yanatoka, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuisema. Ukipunguza uzito kwa 5% mafuta yanapungua, ukifika 7 mpaka 10% hata ule uvimbe wa ndani unatulia, na ukipita 10% hata makovu yanaweza kulegea. Dereva wetu alikuwa na kilo 98, kwa hiyo hatua ya kwanza kwake ni kilo 5, si kilo 30. Soda kwanza, sukari kwenye chai, posho nusu sahani badala ya mlima, kutembea kila siku badala ya kulala kwenye kebini lori likisubiri. Kahawa tunayoilima wenyewe kule Bugisu, ikinywewa bila sukari, inaonekana kulisaidia ini, na inanishangaza tunavyoiuza nje tukabaki na soda. Marekani walipitisha dawa ya kwanza ya ini lililovimba kwa mafuta Machi 2024, inaitwa resmetiromu, ni ya wenye makovu ya kati mpaka makubwa yasiyofika sirosisi, na wao pia wanaambiwa wapunguze uzito. Chupa ya kijani haimo humo. Ini halisafishwi kwa chupa, lenyewe ndo kisafishaji.

Chanjo ya korona, na ya influenza pale inapopatikana, wenye ugonjwa wa ini wanashauriwa wachanjwe, na ile habari kwamba chanjo inachoma ini imewazuia watu ambao ndo walizihitaji zaidi. Mwenye dawa za sukari, presha ama ARV asiziache wakati wa mafua kwa kusema anapumzisha ini.

Homa ikianza pima malaria kwanza, usidhani. Kikohozi kikipita wiki 2 pima TB. Na usisubiri asubuhi kama pumzi inakata, kama macho yamegeuka manjano ama mkojo umekuwa kama chai ya rangi, kama tumbo linajaa maji, kama mtu anaongea vitu visivyoeleweka.

Yule mzee siku ile kipimo chake cha ini kilikuwa mara 3 ya kawaida. Tulimpeleka hospitali wakamwangalia, parasetamo ikasimamishwa, waragi akaiacha. Mwezi wa tano amerudi, kipimo kimeshuka kimebaki juu kidogo tu, mizani inasema kilo 93. "Sista, kwa hiyo mafuta yameisha?" Nikamwambia bado mzee, yamepungua, skani tutarudia baadaye. Akakaa kidogo, kisha akauliza kama kesho anaweza kumleta mama watoto, maana sukari yake haijapimwa tangu 2021.